Haki za Matangazo

Watu walimwita Mwenyekiti, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mkubwa wa chama au wa kamati fulani. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa na kiti. Kilikuwa kiti cha mikono, chenye mto, kilichowekwa pembeni ya kaunta mahali ambapo televisheni inaonekana vizuri na mlango unaonekana vizuri zaidi, na humo ndimo mume wa Mama Kaunta alimoshinda tangu baa inapofunguliwa mpaka inapofungwa, akipokea salamu. Mteja akiingia alikaribishwa kutoka kitini: "Karibu kwangu, jisikie nyumbani." Mteja akilalamika kwamba bia ni ya moto, alielekezwa kaunta.

Kaunta alikuwapo mkewe. Leseni ilikuwa na jina lake, kwa kuwa ndiye aliyeihangaikia. Mzigo wa bia aliupokea yeye, vyoo alivisimamia yeye, na walevi waliokorofisha aliwatoa yeye, kwa upole kwanza. Lakini hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kusema anakwenda kwa Mama Kaunta. Walisema wanakwenda kwa Mwenyekiti. Mama mkwe, aliyeishi nao katika chumba cha nyuma, alisema "baa ya mwanangu" hata alipokuwa akimwomba mkwewe hela ya dawa. Mama Kaunta aliyasikia yote hayo akawa anafuta kaunta. Yalimchoma, tusidanganyane, ila kazi zilikuwa nyingi mno hata nafasi ya kuchomeka vizuri hakuipata.

Shida iliingia kwa mlango wa mpira. Kampuni ya televisheni ya pale nchini, ile yenye mechi za ligi kubwa za ng'ambo, ilikuja na utaratibu mpya. Mtu wa nyumbani alipe bei ya nyumbani, baa ilipe bei ya biashara, na bei ya biashara ipangwe kwa idadi ya viti. Wakala alipokuja kueleza hayo, Mwenyekiti alijiona ametukaniwa mama yake, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo.

"Mnanihesabia viti?" alifoka. "Makalio ya wateja wangu yanawahusu nini ninyi?"

Akaamuru viti vyote vitolewe uani, isipokuwa chake. Wateja wakatazama mechi nzima wamesimama, wameegemea kuta kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Wakala akarudi, akawatazama, akasema bei ya wateja wa kusimama ipo pia, nayo ni kubwa zaidi, kwa sababu watu wakisimama chumba kinabeba wengi. Siku hiyo Mwenyekiti alianza kusema neno ambalo hakuliacha tena mpaka lilipomtia matatani. Alisema, "Haki iko wapi?"

*

Haki hakuipata, ila alimpata Fundi Mawimbi. Huyu alikuwa fundi wa madishi aliyeongea kwa kunong'ona hata alipokuwa anaomba maji ya kunywa. Alileta king'amuzi cha nchi nyingine na kadi ya nchi hiyo hiyo, kadi ya nyumbani, iliyoandikishwa kwa jina la mtu fulani wa huko ambaye bila shaka hakujua kwamba sebule yake imeanza kuuza bia.

"Hii ni halali?" Mama Kaunta aliuliza.

"Mama, mawimbi yako angani," fundi alinong'ona. "Angani Mungu hakuweka mpaka."

"Sijauliza habari za Mungu. Nimeuliza habari za leseni yangu."

"Leseni yetu," Mwenyekiti alisahihisha kutoka kitini.

"Mimi sikitaki kitu hiki humu ndani. Nasema mbele ya fundi, asije akasema hakusikia."

"Humu ndani kuna mwanamume, na mwanamume ameshaamua," Mwenyekiti alisema. "Fundi, panda juu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Mwache mwanangu afanye mambo yake," alisema. "Ana kichwa huyo."

"Kichwa anacho, mama," Mama Kaunta alijibu. Hilo halikuwa na ubishi. Kilionekana toka mbali.

Dishi likapanda juu ya bati, kubwa kuliko madishi yote ya mtaa ule, likageuziwa upande ambao hakuna dishi lingine lililouangalia. Jumamosi ya kwanza picha ilikuwa safi kama maji ya chupa. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mtangazaji aliongea lugha isiyojulikana na mtu yeyote. Hata jina la nchi yake hawakuwa na hakika nalo. Fundi Mawimbi alisema ni "huko juu juu". Wateja walinung'unika mechi ya kwanza, ya pili wakazoea, na kufikia ya tatu wakaanza kuelewa. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Kila mpira ulipopita pembeni ya goli, mtangazaji yule alipiga ukelele: "Malesto!" Wateja wakaamua kwamba Malesto ni mchezaji. Wakamkasirikia kwa jinsi anavyokosa. Wakashangaa kocha anampangaje kila wiki mtu ambaye hajawahi kufunga. Walishangaa zaidi walipogundua kwamba anachezea timu zote mbili.

"Amehamishwa," alieleza Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye jibu la kila swali, na bia aliipata kwa yeyote aliyemuuliza.

"Amehamishwa katikati ya mechi?"

"Siku hizi pesa inafanya kila kitu, ndugu yangu," Mwalimu alisema, akasukuma glasi yake tupu mbele kidogo.

Baa ikajaa. Hapa tusimpambe mno Mama Kaunta: mauzo yalimfurahisha, na kreti tupu zilipopangwa ukutani asubuhi alizitazama kwa jicho zuri. Lakini kila alipoingia mtu asiyemjua, hasa mwenye mkoba, aliacha kufuta kaunta. Leseni ilikuwa imetundikwa nyuma yake, ndani ya fremu, na jina lililokuwa juu yake halikuwa la Mwenyekiti wala la Malesto. Nyumba nzima ilikula, ikavaa na kutibiwa kwa karatasi ile. Ikichukuliwa, hawakuwa na pengine pa kukimbilia.

*

Siku moja ya kazi, mchana, baa ikiwa na wateja wa kuhesabika, televisheni ilikuwa kwenye chaneli ya taifa kwa ajili ya habari. Kabla ya habari likapita tangazo. Sauti nzito ya mwanamume ilisema: "Linda haki za matangazo! Ukiona haki za matangazo zinavunjwa kwenye baa, hoteli au klabu, usinyamaze. Piga namba hii, ni bure." Mwenyekiti alikaa wima. Tangazo lilikuwa na kipande kingine baada ya hapo, lakini hakukisikia, maana alikuwa ameanza kupiga kelele.

"Mmeona? Mmesikia? Haki! Kumbe ipo!"

"Haki za nini hizo?" mteja mmoja aliuliza.

"Za matangazo. Mwalimu, hebu tueleze. Matangazo nayo yana haki?"

Mwalimu aliitazama glasi yake mpaka ikajazwa. "Tusichanganye mambo," alianza. "Haki ni ya mtu. Mtu akisema haki za elimu, je, elimu ndiyo yenye haki? Hapana. Ni haki yako wewe ya kupata elimu. Haki za matibabu, vivyo hivyo. Basi haki za matangazo maana yake ni haki ya raia kupata matangazo. Sasa kampuni inapomwekea raia bei ya viti, raia akakosa mpira, hapo haki za matangazo zimefanywa nini?"

"Zimevunjwa!" Mwenyekiti alijibu kama mtoto wa shule.

"Kaa chini," Mwalimu alisema kwa mazoea, ingawa Mwenyekiti hakuwa amesimama.

Mama Kaunta hakuwapo. Alikuwa uani akibishana na dereva wa gari la bia juu ya chupa zilizopasuka, na baadaye alizijutia chupa zile kuliko alivyowahi kujutia kitu. Humo ndani mumewe alipiga namba ya bure, akaweka simu kwa sauti kubwa ili kila mtu awe shahidi.

"Kitengo cha haki za matangazo, nikusaidie nini?" ilisema sauti ya mwanamke.

"Dada, nataka kuripoti. Haki za matangazo zinavunjwa."

"Asante sana kwa kupiga. Zinavunjwa wapi?"

"Kwenye baa yangu."

"Kwenye baa yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe! Kila Jumamosi, mbele ya macho yangu!"

"Na anayezivunja ni nani?"

"Njooni mwone wenyewe. Nimeteseka, dada, mpaka nimelazimika kutumia kadi ya nje."

"Kadi... ya... nje," sauti ilirudia taratibu, kama ya mtu anayeandika. "Na mechi mnaonyesha saa ngapi?"

Mwenyekiti alitaja saa, akataja mtaa, akataja na rangi ya mlango. Dada yule alimshukuru sana. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kupata mwananchi wa namna hiyo. Simu ilipokatika, Mwenyekiti aliwatazama wateja wake mmoja mmoja.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Hajawahi."

*

Mama Kaunta aliambiwa jioni, kwa majivuno, huku mumewe akila na yeye akiwa amesimama na jagi la maji ya kunawa.

"Watu wa haki wanakuja Jumamosi," Mwenyekiti alisema. "Wakati wa mpira, waone mateso yetu."

"Watu wa haki gani?"

"Wa haki. Haki ina aina ngapi?"

"Umewaambia habari ya kile king'amuzi?"

"Nimewaambia kila kitu. Unaweza kumficha mtu anayekuja kukusaidia?"

Mama Kaunta aliliweka jagi chini. Hakujua kosa liko wapi, maana Mwalimu alikuwa ameshalieleza jambo likaeleweka kwa baa nzima, na yeye shule aliiacha mapema. Alichojua ni kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mtu akipiga simu ya bure, akaletewa kitu cha bure.

"Mwenyekiti, nisikilize. Jumamosi tukizime kile kitu. Mara moja tu. Wakija wakute televisheni ya kawaida, tusikie kwanza wanachosema."

"Na ushahidi utakuwa wapi?"

"Ushahidi wa nini?"

"Wa mateso!" Akamgeukia mama yake. "Mama, unamsikia mke wangu? Bahati imegonga hodi, yeye anataka tuzime taa."

"Mimi tangu zamani nasema," mama mkwe alisema, akimega tonge. "Wengine wivu unawasumbua. Baa ikisifika, sifa inakwenda kwa mwenyewe."

Mama Kaunta alimnawisha mumewe, akamnawisha na mama mkwe. Maji yalimwagika kidogo kwenye kanga ya yule mama, na hakuomba radhi.

Jumamosi mchana, akiwa peke yake kaunta anapanga glasi, tangazo lile lilipita tena. Safari hii hapakuwa na wa kulipigia kelele. Alilisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Baada ya namba ya bure ikaja picha: mwanamume mwenye kitambi anatolewa kwenye baa, amekumbatia king'amuzi kifuani, askari nyuma yake. Kisha ile sauti nzito: "Mwenye baa, kadi ya nje ni wizi. Leseni yako itafutwa."

Akavuta kigoda, akapanda ili achomoe waya ukutani. Mama mkwe akatokea mlangoni.

"Shuka hapo! Usiguse kitu cha mwanangu!"

"Mama, hawa watu wanakuja kutufunga! Nimeona sasa hivi, kwenye televisheni!"

"Mwanangu amesema kisiguswe," mama mkwe alisema, akamshika sketi. "Mwanangu! Njoo umwone huyu!"

Mwenyekiti aliingia akivaa shati jipya, na nyuma yake wakaingia wateja wa kwanza, na nyuma ya wateja wakaingia watu wawili waliovaa vizuri, mwanamke mwenye mkoba na kijana wa kiume mwenye kamera. Mama Kaunta alikuwa bado juu ya kigoda, na sketi yake bado mkononi mwa mama mkwe.

"Habari za hapa?" yule mwanamke alisema. "Sisi ni wa haki za matangazo."

*

Waliokuwapo wanasema hawajawahi kuona jambo kama lile. Mwenyekiti alisimama, akakipangusa kiti chake kwa kitambaa, akampisha yule mwanamke akae. Kisha akaagiza vinywaji. Aliagiza kwa sauti, kama mtu anayelipa.

"Mama, lete soda mbili za wageni, baridi."

"Mwenyekiti, njoo mara moja huku," Mama Kaunta alisema.

"Subiri, mke wangu."

"Ni jambo la haraka. Njoo."

"Wanawake bwana," Mwenyekiti aliwaambia wageni, na kijana wa kamera akatabasamu kwa adabu. Mama Kaunta akakohoa. Akakohoa tena. Mwishowe akaiachia chupa ikaanguka sakafuni, ikapasuka. Mumewe hakugeuka. "Mnisamehe," aliwaambia wageni. "Msaidizi wangu amechoka."

Msaidizi. Mama Kaunta alichukua ufagio, akafagia vioo, uso umemwiva. Alikuwa ameolewa naye, amempikia, amemfulia, amempa hata hicho kiti. Hilo neno hakuwa amelisikia kabla.

Mpira ulikuwa umeanza. Mgeni alitoa kalamu. "Tueleze, bwana. Baa ni yako?"

"Yangu. Muulize yeyote."

"Ya mwanangu," mama mkwe aliongeza.

"Na huu mtambo?"

"Wangu pia. Nimeununua kwa mkono wangu. Huyu mke wangu alikataa kabisa, alisema hautaki humu ndani, fundi mwenyewe ni shahidi. Lakini nikasema, kama haki hainifuati, mimi nitaifuata hata nje ya nchi." Wateja wakapiga makofi. Mwenyekiti akakifunua king'amuzi mwenyewe, akaitoa kadi, picha ikapotea, makofi yakageuka miguno. "Piga picha hii, kijana. Ioneni kadi ya mateso. Na dishi liko juu, nitawaletea ngazi."

Aliwaletea ngazi. Aliishika mwenyewe isiteleze, kijana wa kamera akapanda, akapiga picha dishi pande zote. Waliporudi ndani, mgeni alifunga kifuniko cha kalamu yake.

"Tunakushukuru kwa ushirikiano," alisema. "Ila nadhani kuna kitu hukukielewa. Haki za matangazo ya mechi hizi ni za kampuni yetu. Wewe ndiye uliyezivunja."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akisubiri wenzake nao wacheke. "Haki za kampuni?"

"Tumezinunua."

"Mmenunua haki?" Sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu. "Haki inanunuliwa?"

"Kila mwaka, bwana. Tena bei inapanda."

Wote wakamgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama, anaelekea chooni, na choo kile kilikuwa na mlango wa kutokea nyuma. Glasi yake aliiacha mezani. Ilikuwa tupu.

*

Kulikuwa na askari nje, ndani ya gari, anakula karanga. Alipoitwa aliingia akipangusa mikono. Mgeni alieleza jambo kwa maneno machache yasiyo na hasira, na hilo ndilo lililotisha: king'amuzi na dishi vinachukuliwa, mwenye baa anafikishwa mbele ya sheria, na leseni inafutwa leo, mlango utiwe kufuli la serikali.

"Basi mwenye baa ni bwana huyu," mgeni alimwambia askari. "Amekiri mwenyewe."

Ndipo Mwenyekiti alipopata akili, aina ya akili aliyokuwa nayo. "Mimi?" alisema. "Mimi si mwenye baa! Tazameni leseni ile pale ukutani! Jina la nani lile? Baa ni ya mke wangu. Mimi nakaa tu hapa. Ulizeni watu, mimi nakaa tu!"

Televisheni ilionyesha kioo cheusi. Mama Kaunta alikuwa ameshika ufagio, na maneno yale yalimfikia mmoja mmoja. Baa ni ya mke wangu. Alikuwa ameyangoja tangu mlango ule unapakwa rangi. Alikuwa akiwaza kwamba siku moja, labda watu wakiwa wengi, labda amelewa kidogo kwa furaha, mumewe atayasema. Sasa ameyasema, watu ni wengi, na hakulewa. Amempa baa yake jinsi mtu anavyomtupia mwenzake kaa la moto.

"Mama," Mama Kaunta alimgeukia mama mkwe, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Hebu waambie na wewe. Baa hii ni ya nani?"

Yule mama alimtazama mwanawe, akamtazama askari. "Ni yako," alisema. "Ni yako, mwanangu."

Mwanangu. Tangu harusi alikuwa "huyu".

Mgeni akaishusha leseni, akaisoma, akamtazama Mama Kaunta vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi nikuulize wewe, mama, na ujibu ukijua unachojibu. Bwana huyu aliuweka mtambo wake humu. Alikuwa na idhini yako? Kama alikuwa nayo, kosa ni la baa, na baa inafungwa sasa hivi. Kama hakuwa nayo, kosa ni lake peke yake."

"Mke wangu," Mwenyekiti alisema haraka, "sema tuliamua pamoja. Mimi na wewe ni kitu kimoja. Baa itafunguliwa tena, tutaomba, tutalia. Ila mimi nikiingia ndani nitachekwa mtaa mzima."

Alimtazama. Shati jipya lilikuwa limelowa makwapani. Alimpenda mtu huyu. Ni aibu kulisema mahali kama hapa, ila alimpenda, na alijua anavyolala kwa ubavu na anavyoogopa sindano. Alijua pia kwamba mtu huyo alikuwa tayari baa ife ili yeye asichekwe. Alifikiri juu ya kufuli la serikali. Alifikiri kesho yake angeamkia wapi, angefuta nini.

"Hakuwa na idhini yangu," alisema. "Nilikataa. Yeye mwenyewe amekuambia, na wewe umeandika."

Mgeni akafungua karatasi zake, akasoma, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa pale, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa Mwenyekiti: huyu mke wangu alikataa kabisa.

Mwenyekiti alimtazama mkewe kama mtu aliyepigwa kofi na ukuta. Askari akamshika mkono, si kwa nguvu, akampa dishi, lililokuwa limeshashushwa, alibebe, kwa kuwa gari lilikuwa mbali kidogo na askari alikuwa na karanga zake. Wateja wakampisha. Mmoja akasema, "Malesto," kwa sauti ya chini, na wengine wakaangua kicheko. Mama Kaunta hakucheka.

Mgeni alibaki nyuma kidogo. Alikitoa kikaratasi chenye rangi nyingi mkobani. "Mama, pole na yaliyotokea. Kama ungependa sasa kujiunga kihalali, mwezi huu tuna punguzo."

"Punguzo la viti?"

"Hapana, viti vinabaki vilevile. Ila kofia utapewa bure."

"Nenda, dada," Mama Kaunta alisema. "Nenda kabla sijakutupia kitu."

"Mumeo unaweza kuja kumdhamini kesho asubuhi," mgeni alisema akitoka. "Mdhamini anatakiwa awe mwenye mali."

"Kesho asubuhi napokea mzigo. Nitakuja nikimaliza."

Kutoka ndani ya gari sauti ya mumewe ilimwita, mara ya kwanza mbele za watu kwa jina la nyumbani, lile la wakiwa wawili tu, na mtaa mzima ukalisikia. Alisimama mlangoni mpaka gari lilipoondoka. Hakupunga mkono. Kisha akarudi ndani, akawaambia wateja kwamba mpira umekwisha na bia ipo, anayetaka kukaa akae, anayetaka kuondoka alipe kwanza. Zaidi ya nusu walikaa. Walisema "kwa Mwenyekiti" bado, kwa mazoea, na hata safari hii aliwaacha.

Baadaye alikwenda nyuma kuchukua kreti, akapita kwenye chumba cha mama mkwe. Mlango ulikuwa wazi. Yule mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, mfuko wake mkubwa uko mapajani, umejaa na kufungwa kamba. Macho yake yalikuwa mekundu. Akamtazama mkwewe kisha akatazama chini, na Mama Kaunta akaelewa kwamba mwanamke huyu, aliyekuwa akimtetemesha miaka yote hiyo, alikuwa amekaa hapo akingoja kufukuzwa.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sijui," mama mkwe alisema. "Nimesema baa ni yako. Nikawaza, na chumba nacho si ni chako."

Mama Kaunta alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumwambia ndiyo, ni changu, toka. Alisimama pale mlangoni, kreti mkononi, mpaka yote mawili yakapita.

"Weka mfuko chini," alisema. "Wateja bado wapo, na glasi hazijaoshwa."

Mama mkwe aliuweka mfuko chini. Akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akamfuata mpaka kwenye karo, akasimama mbele ya glasi chafu. Kisha, katika nyumba aliyoishi miaka yote hiyo, akauliza sabuni huwa inakaa wapi.